Rilei za Shelabela

Tumu binti Aidarus alikuwa na ulimi, na asiyemjua angesema hakulelewa. Alilelewa, tena vizuri. Mamake, Bi Badria, alimfunza adabu zote za mtaa wa Kibokoni, Mombasa: kuitika "labeka" akiitwa na mkubwa, kutokaa barazani, kutocheka mpaka jirani akasikia. Lakini babake, Mzee Aidarus, alikuwa na duka la kutengeneza redio katika chumba cha chini cha nyumba hiyo hiyo, na huko chini Tumu alifunzwa mambo mengine. Alijua kulehemu waya kabla hajajua kukuna nazi. Alipofika umri wa buibui alivaa buibui, akashuka nalo dukani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya pazia, akashika kazi. Waliosema walisema mpaka wakachoka.

Mzee alipofariki, maneno yakaanza upya, na safari hii hayakutoka mtaani. Yalitoka kwa Abdulhalim, kakake Tumu, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameshapata mpangaji wa kile chumba cha chini, muuza vitambaa. Abdulhalim hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Aliona haya tu. Akiulizwa kazini dadake anafanya nini, alijibu yuko nyumbani, na nyumbani kweli alikuwako, ila na bisibisi mkononi na wanaume wamepanga foleni dirishani na redio zao.

Sasa ikawa Ijumaa moja, mwaka wa sitini na saba, watu wameshakula pilau, Abdulhalim akaanza kusimulia habari alizozipata ofisini. Ofisi moja kubwa ya Nairobi, alisema, imeletewa mashine inayoitwa kompyuta.

"Inafikiri," alimwambia Ami Muhdhar, nduguye marehemu babao, aliyekuja kuwatazama. "Kubwa kama sebule hii. Hesabu ya makarani wa wiki nzima inaimaliza kabla chai haijapoa. Sisi wengine tutakufa tukiitazama kwa nje tu."

Tumu alikuwa akiondoa sahani. Angeweza kuzibeba akaenda zake jikoni. Hakwenda.

"Haifikiri," alisema. "Ni swichi nyingi tu, zinawasha na kuzima."

"Na wewe umejulia wapi?"

"Kwenye majarida ya baba. Hata kwa rilei za simu mtu aweza kuunda ndogo, ikajumlisha."

Abdulhalim alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Angebisha tu, yangeisha pale pale na sahani zikaoshwa. Lakini alicheka kwa pua, kile kicheko anachochekewa mtoto aliyesema atakwenda Makka kwa baiskeli, na Tumu hakikumpita.

"Basi iunde," Abdulhalim alisema. "Ikijumlisha mbele yetu siku ya hitima ya baba, akitimiza mwaka tangu afariki, duka lako, sitalitaja tena. Isipojumlisha, ufunguo unanipa wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Ami, umesikia?" Tumu aliuliza.

"Nimesikia," Ami Muhdhar alisema, na uso wake ulionyesha wazi kwamba angependa asingesikia.

Bi Badria hakuwahi kumkatalia mwanawe wa kiume jambo, tangu akiwa mdogo analilia halua. Alifunika bakuli la achari, akaingia ndani.

Rilei, kwa asiyeijua, ni kidude cha kutia kiganjani chenye koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili, inakuwa sumaku, inavuta kibamba, inalia tiki, na ncha mbili za madini zinagusana kupitisha umeme mahali pengine. Ndiyo swichi, ila inayoibonyeza si kidole, ni rilei nyingine. Zipange nyingi kwa akili na zitakujumlishia. Shida ni kuzipata. Simu zilipobadilishwa kwenye maofisi, za zamani ziliuzwa kwa mnada pamoja na viti vilivyovunjika, na aliyenunua viti vilivyovunjika Mombasa nzima alikuwa Shamsudin wa Mbaraki. Ghala lake lilikuwa na kila kilichokataliwa na wenyewe, minyororo ya meli, mapangaboi yasiyozunguka, mashine za chapa zilizong'oka meno.

Tumu alimpelekea gramafoni ya babake, nzima kabisa, akarudi na gunia la rilei, na fungu la waya za nyongeza. Walibadilishana shelabela, maana yake nzima na mbovu humo humo, hakuna kuchagua na hakuna kurudisha. Gunia alimpa mchukuzi wa mkokoteni, na yeye akafuata nyuma na buibui lake, na watu wakamwangalia tangu Mbaraki mpaka Kibokoni kana kwamba gunia lile limejaa nyoka.

Mashine ilianza kusimama juu ya meza ya mzee. Mbele aliweka balbu za tochi, tano. Ya kulia kabisa ilikuwa moja, inayoifuata mbili, kisha nne, kisha nane, kisha kumi na sita. Bi Badria alipouliza vipi balbu tano zitataja hesabu zote hizo, Tumu alimkumbusha mizani ya muuza bizari. Ana mawe machache tu, kila moja mara mbili ya mwenzake, na bado anakupimia unachotaka. Ukitaka saba, ziwake nne na mbili na moja. Bi Badria alielewa papo hapo na tangu hapo akawa anashuka kila alasiri kutazama. Hata wanawake wa mtaani aliwaleta, wakasimama nyuma ya pazia wakinong'onezana. Tumu alibonyeza swichi zake, mbili na moja, balbu zikaonyesha tatu, na wanawake wakashika vifua.

Siku mbili tatu baadaye, mbili na moja ikawa sifuri.

Alitafuta rilei iliyokwama akaikuta. Alibadilisha, ikafanya kazi. Wiki iliyofuata zikafa tatu kwa mpigo. Akabadilisha. Zikafa nyingine, na hizi hakuwa amezitoa chini ya gunia, ni zile zile alizozijaribu moja moja kwa mkono wake akaridhika nazo. Koili ilivuta, tiki ikasikika, lakini umeme haupiti. Hitima ilikuwa inakaribia, Abdulhalim kila akitoka kazini anachungulia dirishani na kuuliza kwa upole wa kuudhi, "Imeshafikiri?" Tumu alimjibu kwamba ikishafikiri itamwambia yeye wa kwanza.

Moyoni alikuwa anawaka. Duka lile ndilo lililokuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemwambia akae vizuri. Akilitoa, atapanda ngazi, na hatashuka tena ila kwa harusi na matanga. Alijua hivyo kama alivyojua jina lake. Na linampotea kwa ajili ya vichuma vya Shamsudin.

Alizitia mbovu zote kikapuni akaenda Mbaraki.

"Rilei zako zimekufa," alimwambia Shamsudin, salamu imeshapita na imekuwa fupi.

Shamsudin alikuwa mzee wa ndevu za hina, hana haraka na mtu. "Mwanangu, tulipatana shelabela. Wewe hukuchagua na mimi sikuchagua. Ndiyo maana ya neno lenyewe."

"Shelabela ni kwa kinachoonekana. Nikinunua machungwa shelabela sokoni Marikiti, bovu nitaliona. Hizi jana zilikuwa nzima na leo ni maiti. Hiyo si shelabela, Bwana Shamsudin, huo ni wizi."

Wachukuzi waliokuwa wakishusha vyuma walisimama. Mmoja, Kazungu, alitua mzigo kabisa apate kusikia vizuri. Neno wizi halisemwi hivyo mbele za watu, na kwa mtu mzima, na mwanamke. Tumu alilisikia likimtoka na hakulirudisha.

Shamsudin hakupandisha sauti. Alifungua sanduku jingine, akatoa rilei, akaigusisha betri. Tiki, na balbu ikawaka. Akaiweka kikapuni. Akatoa ya pili na ya tatu, akafanya vivyo hivyo, mpaka kikapu kikajaa.

"Hizi umeziona kwa macho yako," alisema. "Zikifa tena, mwizi yuko kwako."

Tumu alirudi kwa hasira, akazifunga zote, mashine ikajumlisha barabara. Jumatano ilijumlisha. Alhamisi mchana ilijumlisha, saba na saba, kumi na nne, bila kusita. Ijumaa asubuhi alishuka akabonyeza, ikamwambia moja na moja ni sifuri.

Alikaa chini kwenye kigoda. Alitaka kulia, na akaona kulia kutamfurahisha Abdulhalim hata kama haoni. Zilikuwa rilei za sanduku jingine. Alizijaribu mbele yake yule mzee. Kama si Shamsudin, basi ni nani? Akachana kipande cha karatasi nyembamba ya barua za ndege, akakipenyeza katikati ya ncha za rilei iliyokufa, akazibana, akakivuta taratibu kama alivyofanya babake na swichi za redio. Karatasi ilitoka na mstari wa rangi ya kahawia, unanata. Akaunusa.

Ubani.

Aliunusa tena asije akasema uongo. Akavuta karatasi kwenye rilei ya pili, na ya tatu. Zote zilinukia kama nguo za maharusi. Akapanda ngazi mbili mbili.

Bi Badria alikuwa anachambua mchele. Tumu alimwekea karatasi kwenye ungo, na mama mtu akaitazama, kisha akautazama mchele, na hapo Tumu akajua hana haja ya kuuliza.

"Siku ile walipokuja wenzangu," Bi Badria alisema, "Mwana Sheikha alisema kitu chako kizuri, tena akarudia, kizuri. Mashaallah hakutia. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hazikupita siku tatu kikaharibika, nawe ukasema ni rilei."

"Ile ilikuwa kweli ni rilei, Mama. Ile moja ilikuwa mbovu kweli."

"Basi ningejuaje? Nikakikinga. Kila Alhamisi ukipanda kuswali Magharibi, mimi huteremka na chetezo. Nakitia chini ya meza, na kile kitu nakifunika leso, moshi usipotee bure. Na kilivyozidi kuharibika, nikasema jicho hili ni kali, nikazidisha ubani. Jana nilitia na udi wa kakako, ule mzuri."

Tumu alifungua mdomo. Mambo aliyokuwa nayo ya kusema yalikuwa mengi na hakuna hata moja linalosemwa kwa mama. Miezi yote ile, hasira zote zile, kutukanana na watu Mbaraki, na kumbe kila Alhamisi mashine yake inafukizwa chini ya leso kama gauni.

"Moshi wa ubani una mafuta," alisema mwishowe. "Ukitulia unaganda kwenye zile ncha. Zinagusana lakini hazigusani."

"Kwa hivyo ni mimi."

"Si wewe. Ni ubani."

"Ubani haujichomi wenyewe, Tumu," Bi Badria alisema, na machozi yakamdondokea kwenye mchele. "Niliogopa wasije wakakuharibia. Nikakuharibia mimi."

Tumu alikaa chini ubavuni mwake, akaanza kuchambua mchele naye, maana mikono ilitaka pa kwenda. Alikasirika, tusidanganyane, alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini katika nyumba ile nzima, na mtaa mzima, huyu ndiye mtu mmoja aliyeamini kwamba kile kitu kina thamani ya kuonewa kijicho. Huwezi kumgombeza mtu wa namna hiyo ukamaliza.

Rilei zote zilisafishwa kwa karatasi na spiriti, moja moja, na Bi Badria mwenyewe alisaidia, miwani puani. Tumu akarudi Mbaraki. Wachukuzi walipomwona walipunguza mwendo wakitarajia mchezo, naye akawangoja wakaribie, kwa sababu aliyetukana mbele za watu akaomba radhi pembeni ni mwoga.

"Bwana Shamsudin, nilikuita mwizi. Kwa rilei, niwie radhi, makosa yalikuwa kwetu. Kwa zile waya ulizonipa nyongeza, ni mbovu, na neno langu liko pale pale."

Kazungu alicheka mpaka akakaa. Shamsudin alishika ndevu, akasema, "Za waya nakubali," na mambo yakaisha.

Siku ya hitima nyumba ilijaa tangu asubuhi. Wanaume walisoma juu, wanawake walijaa ukumbini, na kila pembe ilifuka, kwa sababu hitima bila ubani ni nini? Tumu alikuwa amerudishia mlango wa duka na kuuziba chini kwa gunia. Mashine aliijaribu alfajiri, haikukosea. Alimaliza kupanga sahani, akashuka kuwatangulia watu, akaukuta mlango wazi. Shangazi Mahfudha, dadake marehemu, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumkataza jambo tangu enzi za Mwingereza, alikuwa amesimama katikati ya duka na chetezo kikubwa, anaomba dua, na moshi umetanda mpaka darini.

"Chumba chake mwenyewe mmekiacha kikavu," alimwambia Tumu. "Hapa ndipo alipokula ujana wake ndugu yangu. Mtu hapafukizi?"

Tumu alisikia miguu ya watu kwenye ngazi. Alitaka kumwambia akitoe chetezo. Akaona mashavu ya shangazi yamelowa machozi, akasema, "Ahsante, shangazi."

Wakaingia, Abdulhalim mbele, Ami Muhdhar nyuma yake, binamu na majirani wamejibana mlangoni, na Bi Badria akasimama pembeni karibu na pazia. Tumu alimwona mamake anavyoutazama moshi, na jinsi alivyojishika mdomo.

"Ami, taja," Tumu alisema.

"Saba," Ami Muhdhar alisema. "Na tano."

Akabonyeza. Tiki, tiki, tiki, rilei zilipokezana kama watu wanaopeana ndoo, kisha kimya. Balbu moja iliwaka, ile ya tatu kutoka kulia, yenye thamani ya nne. Nyingine zote giza.

Abdulhalim alihesabu kwa kidole, asiwe na haraka. "Nne," alisema. "Saba na tano, nne. Hata muuza maji ajua zaidi." Watu wakacheka, wengine kwa huruma, na huruma ndiyo iliyochoma zaidi. Akanyoosha mkono. "Ufunguo, Tumu. Ulisema mbele ya ami."

Tumu hakumtazama. Alikuwa anasikiliza, ingawa hakukuwa na kilichobaki kusikilizwa. Tiki ya mwisho aliisikia, ile ya kupandisha nane, kwa hiyo sumaku ilivuta na aliyekataa ni ncha. Alitoa kipande cha karatasi mfukoni mwa gauni, akapeleka mkono nyuma ya mashine moja kwa moja, akapenyeza, akabana, akavuta. Balbu yenye thamani ya nane ikawaka kando ya ile yenye nne.

"Kumi na mbili," Ami Muhdhar alisema polepole, kama anayejisomea.

"Imeharibika kwanza," Abdulhalim alisema. "Nilisema ijumlishe, sikusema ibembelezwe."

"Kaka," Tumu alisema, "hili ni duka la kutengeneza. Miaka yote ya baba, nani aliwahi kuingia mlango huu na kitu kizima? Vingekuwa vinakaa vizima, wewe ungesomeshwa na nini? Imeharibika mbele yako, na mbele yako nimejua ni wapi, na nimeitengeneza kabla mkono wako haujachoka kunyooka. Ufunguo sitoi."

Hakuna aliyecheka. Abdulhalim uso ulimwiva. Lakini alikuwa karani, na makarani hawaachi jambo bila swali la mwisho.

"Haya. Fundi. Imeharibiwa na nini?"

Shangazi Mahfudha alikuwa angali ameshika chetezo. Tumu alijua jibu, na alijua likitoka duka ni lake bila ubishi, na alijua pia litakakokwenda, mpaka mtaa wa Ndia Kuu kufika alasiri, kwamba dua ya shangazi na mkono wa Bi Badria ndivyo vilivyoharibu. Akakaza midomo. Alitazama mbele, kama mtu anayengoja kupigwa na hataki kukwepa.

"Hujui," Abdulhalim alisema.

"Anajua." Alikuwa ni Bi Badria. Alitoka kwenye pazia, akamwendea wifi yake, akampokea chetezo kwa mikono miwili, kwa heshima, akakitoa nje barazani. Aliporudi alisimama mbele ya mwanawe. "Ni moshi. Nilianza mimi, tangu zamani, kwa mkono wangu, nikidhani nakinga. Amejua siku nyingi na hajanitaja kwa mtu, na sasa hivi alikuwa radhi umnyang'anye duka kuliko anitaje mbele ya watu hawa."

"Mama," Abdulhalim alisema, sauti imeshuka, "mwambie anipe ufunguo tu. Mpangaji anangoja."

Bi Badria alimtazama mwanawe, na kila aliyekuwapo alingoja asikie kile alichozoea kusikia. Kisha akamgeukia Tumu.

"Funga duka, mwanangu, watu wakale," alisema. "Na kesho ufungue mapema."